Kiti cha Wawili Juu ya Theluji

Newburg, Louisville
Jumatatu, 12 Januari 2026

Mke wangu Agata,

Salamu nyingi. Simu umenifungia, na kaka yako Gaudiosi nikimpigia ananijibu maneno matatu tu, "Njoo na watu," kisha anakata. Basi nimerudi kwenye karatasi kama tulivyokuwa tukifanya kambini Tanzania tukiwa wakimbizi. Rutebuka anapita Columbus kila Alhamisi na lori lake akielekea Buffalo, amekubali kunibebea.

Hii ni wiki ya saba tangu uondoke. Ugali wangu unaujua, juzi nimeula kwa kijiko kama uji. Maua yako ya dirishani nimeyamwagilia kwa bidii mpaka mawili yameoza.

Sasa sikia habari. Kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka pale ghalani kazini kwangu walichezesha bahati nasibu, na jina lililotoka ni langu, mimi ambaye sijawahi kushinda hata kuku. Zawadi ni mapumziko ya mume na mke, hoteli na chakula, kwenye mji wa milimani kusini mwa Buffalo, wanakokwenda Wazungu kuteleza kwenye theluji. Viatu, zile mbao za miguuni, mwalimu, vyote vimo. Ni tarehe 30 Januari mpaka 1 Februari. Msimamizi akanishika bega akasema mke wako atafurahi. Nikasema ndiyo, atafurahi sana.

Twende, Agata. Haya mambo ya kuja Columbus na wazee na kreti za bia, nisimame sebuleni kwa kaka yako watu wananikodolea macho nieleze nimekukosea nini, ni ya nini? Sisi ni watu wazima, tuna miaka kumi na tatu ya ndoa. Tuyamalize wawili tu, kisha turudi wote Newburg.

Mumeo,
Liberati


Columbus
Ijumaa, 16 Januari 2026

Liberati,

Barua nimeipata. Umeibandika kwa gundi, juu yake ukapitisha ule utepe wa kahawia wa kufungia maboksi ghalani. Rutebuka ameitoa mfukoni kwa aibu. Umesahau kwamba kwetu barua ya kubebwa na mtu haibandikwi? Mbebaji unampa ikiwa wazi, ndiyo heshima yake. Kambini tulizipokea hivyo, hata za misiba. Hii yako ilikuwa na siri gani, maua yaliyooza?

Unauliza ni ya nini. Nikukumbushe basi. Siku ya ule ubatizo kule Shively, dada yako Mukabutera alisimama na glasi mkononi akasema kaka yake anazeeka bila mtoto kwa sababu ya tumbo la mtu. Sote tulijua mtu huyo ni nani. Mimi nikakutazama wewe, wewe ukatazama sahani, kisha ukachukua kipande kingine cha nyama. Kunyamaza kwako ningekuvumilia kama nilivyozoea. Kile kipande cha nyama ndicho kilichonitoa nyumbani.

Mara tatu nimekwenda kwa daktari. Mara tatu ameniambia sina tatizo, nimlete mume wangu. Wewe ukasema umeshakwenda peke yako na u mzima. Nina miaka thelathini na tisa. Kanisani wenzangu wote wanaitwa mama fulani, mimi wakinifikia wanakohoa kidogo kisha wanasema "dada."

Sasa pima unachoniomba. Mke aliyerudi kwao huchukuliwa kwa heshima: mume anakuja na watu wake, anasema kosa lake mbele ya watu wangu, ndipo ananyanyuka naye. Nikija kulala nawe hotelini kabla ya hapo nitakuwa nimejirudisha mwenyewe. Gaudiosi hatanifungulia mlango tena, na siku nyingine ukitazama sahani sitakuwa na pa kwenda. Hilo unalijua vizuri kuliko mimi, maana wewe ndiye huwa unaitwa kusuluhisha ndoa za wengine.

Swali langu ni moja. Je, una jambo la kuniambia? Kama ni kuteleza tu, kateleze peke yako.

Agata


Newburg, Louisville
Jumatano, 21 Januari 2026

Agata,

Nina jambo la kukuambia. Halifai mbele ya kaka yako, na kwenye karatasi nimelijaribu mara nne limenishinda.

Njoo. Mwambie Gaudiosi unakwenda Buffalo kumwona Angelika, rafiki yako wa kambini. Si uongo mtupu, kwani uliniambia anasafisha vyumba kwenye hoteli ya huko huko milimani. Nitakusubiri kituo cha basi Buffalo, Ijumaa ya tarehe 30, saa nane mchana. Ukikosekana, sijui nitarudi vipi kwenye nyumba hii.

Utepe nimeuweka tena. Nisamehe kwa hilo.

Liberati


Newburg, Louisville
Jumatano, 4 Februari 2026

Agata,

Sijui uko wapi. Rutebuka anadhani uko kwa Angelika, Black Rock, kwa hiyo naituma huko Buffalo.

Goti nililoumia kule mlimani limevimba kama tikiti. Wale watu wa uokoaji walinishusha kwenye kitanda cha kuburuta, watoto wadogo wananipita kwa mbao zao na kunipungia mkono. Nilipofikishwa chumbani sanduku lako halikuwepo. Glovu ulizoazimwa ulikuwa umezipanga juu ya mto wangu. Nilikaa mle mpaka Jumapili, kwa sababu sikuweza kutembea na kwa sababu nilidhani utarudi.

Uliniomba ukweli nikakupa. Mimi ndiye nisiyeweza kuzaa. Ni yale matubwitubwi niliyougua kambini nikiwa na miaka kumi na tano, yaliyoshuka mpaka chini nikashindwa kutembea wiki mbili. Daktari alinipa karatasi miaka mitatu iliyopita, nikaikunja nikaificha kwenye sanduku la vifaa vya gari. Duniani kote nimemwambia mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Hilo halina thamani?

Na nililokuomba tukiwa kwenye kile kiti cha kupandia mlimani naliomba tena, kwa magoti yote mawili, pamoja na hili bovu. Libaki letu. Kaka yako akijua, Mukabutera akijua, Warundi wenzangu ghalani wakijua, nitasimama wapi? Nani ataniita tena kusuluhisha ndoa yake? Nitamfunga mdomo Mukabutera, nakuapia. Nitakuwa mume ambaye hujawahi kumwona. Lakini usinivue nguo mbele ya watu, Agata. Nakuomba. Nitakufa.

Liberati


Columbus
Jumapili, 8 Februari 2026

Mdogo wangu Agata,

Uliniaga unakwenda kumwona Angelika. Rutebuka hakusema kitu, lakini picha imesema. Watu wa ghalani kwa mumeo wameweka mtandaoni picha ya mshindi wao, wewe na Liberati mmevaa kofia ngumu, mmeegemeana, nyuma yenu theluji. Hapa Columbus hakuna ambaye hajaiona. Walianza kunionyesha kanisani kabla misa haijaisha.

Wiki tisa nilisimama kwa ajili yako. Nilimwambia Liberati hatakugusa mpaka aje aseme kosa lake mbele yetu. Nawe ukatoka kwenye mlango wangu ukaenda kulala naye hotelini. Nikimwambia sasa aje na watu, ataniuliza anakuja kumchukua nani. Umejirudisha, dada. Siwezi kukupokea tena kama mke aliyeonewa, maana kesho binti zangu watafanya hivyo hivyo na sitakuwa na neno.

Nguo zako nimempa Rutebuka. Wifi yako ameweka dagaa ndani, amezifunga vizuri zisinuke. Sina hasira, nina aibu. Kama kuna jambo nisilolijua, niambie. Kama hakuna, nenda kwa mumeo.

Kaka yako,
Gaudiosi


Black Rock, Buffalo
Jumamosi, 14 Februari 2026

Liberati,

Unauliza kama kuniambia hakuna thamani. Nakujibu.

Uliniambia tukiwa kwenye kile kiti cha wawili kinachovutwa kwa kamba kupanda mlimani, miguu inaning'inia na zile mbao nzito, chini theluji na miti tu. Ulichagua pale kwa sababu nisingeweza kunyanyuka nikaondoka. Nilikusikiliza. Nilikushika mkono, unakumbuka? Nililia, na nilikuwa nakulilia wewe. Nilisema moyoni, maskini mume wangu, amebeba hili peke yake. Kama kiti kingefika juu dakika ile, leo ningekuwa Newburg nakupikia. Lakini kilikuwa bado, na wewe ukaendelea kusema. Ukasema, "Ila tuwaache waendelee kudhani ni wewe. Wameshakuzoea hivyo, utapungukiwa nini?"

Nikuambie nitapungukiwa nini. Miaka mitatu uliyoficha karatasi ni miaka ile ile Mukabutera alipokuwa akiniletea mizizi ya kuchemsha kutoka Kigoma. Niliinywa asubuhi na jioni. Nilitapika mpaka damu ikatoka, na aliyenishikia beseni ni wewe. Ulinifuta mdomo, ukasema pole mke wangu, ukachukua mfuko wako wa chakula ukaenda kazini. Ulijua nakunywa bure. Ningeweza kufa kwa dawa ya ugonjwa wako huku umenishika kichwa.

Kule juu nilimwomba mtu wa mashine anirudishe chini na kiti hicho hicho, peke yangu. Nilikusikia ukiniita, nikaona unavyojaribu kunifuata kwa mbao, nikaona unavyoanguka. Sikurudi. Nilikwenda mlango wa wafanyakazi nikamuulizia Angelika, bado nimevaa vile viatu vizito.

Sasa nafanya kazi naye ya usafi pale pale hotelini. Gari la wafanyakazi hutuchukua hapa Black Rock alfajiri. Nalala chumba kimoja na binti zake wawili. Nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, lakini nikilala wananifunika blanketi. Nguo zangu zimeletwa kwenye mifuko na dagaa ndani. Gaudiosi amefunga mlango kama nilivyokuambia, na kwako siwezi kuja. Umefanya nisiwe na kwetu, Liberati.

Sijamwambia mtu, hata Angelika. Kaka ananiuliza kama kuna jambo asilolijua, nimeanza kumjibu nikachana. Ukweli huu ukitoka kwangu utaitwa uchungu wa mke aliyekimbia. Utatoka kinywani mwako au hautatoka.

Agata


Columbus
Jumapili, 1 Machi 2026

Mdogo wangu Agata,

Mambo yamegeuka, mshukuru Mungu. Jana Liberati amekuja. Anachechemea, ana koti jipya, ameleta wazee wawili wa Louisville, dada yake Mukabutera na kreti nne za bia. Sikutegemea, baada ya ile picha.

Tuliwaketisha. Alipopewa nafasi alisimama, jasho linamtoka, nikadhani ni goti. Kisha akasema hivi: "Katika ndoa hakuna mwenye kosa mmoja. Mungu hajatujalia mtoto, na sote wawili tumepungukiwa uvumilivu. Mimi nimemsamehe Agata, naye anisamehe." Watu wakapiga makofi. Mukabutera alilia kweli kweli.

Nami moyo umetulia. Mume kumsamehe mke asiyezaa, tena mbele ya watu, si wengi wanaoweza. Njoo Jumamosi ijayo tukukabidhi kama inavyotakiwa. Wifi yako ameshatafuta kitenge cha kukuvalisha.

Kaka yako anayekupenda,
Gaudiosi


Black Rock, Buffalo
Jumamosi, 7 Machi 2026

Liberati,

Kumbe umenisamehe. Nimeisoma barua ya kaka mara mbili nikitafuta nilikukosea nini.

Ulisimama pale pale nilipokuomba usimame. Watu walikuwepo, sikio la kila mtu lilikuwa wazi, neno lilikuwa mdomoni mwako. Gaudiosi anasema jasho lilikutoka. Ulilimeza, ukanizika mimi, wakapiga makofi.

Leo ndiyo siku waliyopanga kunikabidhi kwako. Nimekwenda kazini. Nimepangiwa kile chumba chetu. Mume na mke wazee walikuwa wanaondoka, mwanamke amepiga magoti anamfunga mumewe kamba za viatu kwa sababu mgongo unamuuma, na wanacheka. Nimebadilisha shuka, nimepanga mito, kisha nimekaa kwenye ukingo wa bafu nikalia mpaka msimamizi akagonga mlango.

Siji Columbus. Usiniandikie tena. Nimechoka kukata utepe.

Agata


Newburg, Louisville
Jumamosi, 14 Machi 2026

Kwa Agata, na kwa yeyote atakayeisoma kabla haijamfikia,

Barua hii nampa Rutebuka ikiwa wazi. Amekubali kuondoka leo badala ya Alhamisi, nami naondoka naye, pamoja na Mukabutera. Kesho Columbus baada ya misa Rutebuka ataisoma ukumbini kwa sauti. Mimi nitakaa mbele. Nikijaribu kutoka, Gaudiosi anizuie mlangoni.

Mimi Liberati ndiye nisiyeweza kuzaa. Agata hana tatizo, amepimwa mara tatu. Mimi nimelijua langu tangu mwaka 2023, na karatasi ya daktari nimeifunga pamoja na barua hii, atakaye aitazame.

Nilimwacha dada yangu amseme. Nilimwacha anywe mizizi nikamshikia beseni. Nilimwita milimani kwa machozi, huku nikijua kwamba akija, kwao watamfungia mlango, na nilitaka wamfungie, ili asiwe na pengine isipokuwa kwangu. Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia hata yeye. Kule juu nilimwomba abebe aibu yangu mpaka afe. Halafu nikaja kwenu na bia nikasema nimemsamehe, nanyi mkanipigia makofi. Mkitaka kunicheka nichekeni sasa, mimi nikiwepo.

Mukabutera nimemwambia jana jikoni kwake Shively. Alikuwa anaosha vikombe, kimoja kikamponyoka. Aliokota vipande vyote kwanza. Kisha akasema, "Basi nilikuwa namlisha sumu mtoto wa watu."

Shemeji Gaudiosi, mke wangu hakujirudisha. Nilimvuta. Mfungulie kwao, hata kama harudi kwangu.

Agata, sikuombi kitu. Nimeandika kwa kalamu nisiweze kufuta.

Liberati


Black Rock, Buffalo
Alhamisi, 19 Machi 2026

Liberati,

Barua ilifika Jumatatu. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo inachanika, ina mafuta ya vidole vya watu na duara la kikombe cha chai. Chini kaka ameandika: "Nimesikia. Nisamehe. Ufunguo wako wifi yako ameutundika pale pale." Mukabutera ameandika jina lake tu.

Rutebuka anasema alipofika kwenye mizizi alishindwa kuendelea, ukasimama na goti lako ukamnyang'anya karatasi ukamalizia mwenyewe. Anasema hakuna aliyecheka. Nimemfanya anisimulie mara tatu, mpaka Angelika akamwonea huruma akampa chakula.

Kukwambia nimekusamehe leo kungekuwa uongo kama ule wako. Beseni bado naliona. Na lile ulilokiri kwamba ulitaka nifungiwe kwetu, nililisoma nikakaa nalo siku mbili. Nakuchukia kwa hilo. Nakupenda pia, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Huku theluji inaisha. Jumapili ya tarehe 29 ndiyo siku ya mwisho ya vile viti, baada ya hapo vinasimamishwa mpaka baridi ijayo. Siku hiyo wafanyakazi tunaruhusiwa kupanda, na kila mmoja anaweza kuja na mtu wake. Angelika anaogopa kwenda juu, na binti zake hawataki kuonekana na mtu mzima.

Ukija, njoo bila wazee na bila bia. Usilete mbao, hutateleza na goti hilo. Tutakaa, tutapanda, na safari hii nitasema mimi, tangu chini mpaka juu, kila kitu cha miaka kumi na tatu. Wewe utanyamaza usikilize, na hakuna pa kutazama isipokuwa kwangu. Tukifika juu ndipo nitajua kama tunashuka wawili.

Barua hii sijaibandika.

Agata